Chungwa la shilingi mia tatu na projekti yangu ya nanowaya

Najua nimepotea. Karibu mwezi mzima hapa hakuna kipya, na wengine mmeanza kuniuliza mkinikuta kantini kama nimeolewa au nimedisko. Sijaolewa. Kudisko nako sijadisko, ila moshi wake niliuona kwa mbali. Leo nimekaa kwenye kimbweta changu kilekile, jua limepoa, chaji ipo, wacha niwape habari yote tangu mwanzo.

Mnakumbuka niliwaambia nimechukua projekti ya nanowaya. Kichwa chake kwa Kiswahili ni kama hivi: jinsi umbo la nanowaya linavyobadilisha tabia ya spini ya elektroni. Mlinipongeza sana, mkaniita profesa. Sasa naomba niseme ukweli ambao sikuusema siku ile: nilikichagua kichwa hicho kwa sababu kilikuwa na desa. Kuna kaka alimaliza chuo mwaka 2020, akaacha kazi yake safi kabisa, imepangika, michoro ipo, mahesabu yapo. Nilichofanya mimi ni kupanga upya aya, kubadilisha maneno, na kuchora michoro kwa rangi nyingine. Semina ya kwanza nikaenda nimevaa suti ya kuazima kwa rumeti wangu. Nilikuwa napendeza, jamani, hilo msinipokonye.

Nikatema Kizungu dakika kumi na tano. Nikamaliza. Kimya. Halafu lekchara mmoja kwenye paneli, mzee mpole ambaye huwa anasinzia semina za wenzetu, akafunua ukurasa wa nne.

"Binti, hapa umeandika kwamba mwaka 2018 watafiti wa Delft walithibitisha chembe za Majorana ndani ya nanowaya za indiamu antimonaidi. Makala hiyo iko wapi sasa hivi?"

Nikasema iko kwenye jarida la Nature. Akasema, "Iliondolewa mwaka 2021. Waandishi wenyewe waliiondoa na kuomba radhi. Wewe umeisoma lini?"

Wadau, sikuwa nimeisoma. Wala yule kaka sina la kumlaumu, wakati anaandika makala ilikuwa bado imesimama. Mimi ndiye niliyebeba kitu kilichokwisha kufutwa nikakiweka mezani kama kipya.

Swali la pili ndilo lililonimaliza. Akaniuliza, "Umesema waya ikikunjwa, spini inabadilika. Kwa nini?" Nikaanza tena Kizungu changu, spini-obiti sijui nini, kavecha sijui nini. Akanikatisha kwa upole. "Nieleze kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mdogo wako."

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba yale maneno yote nilikuwa nayajua kwa sauti tu, kama mtu anayeimba wimbo wa Kilingala bila kujua maana. Kila mtu ukumbini aliliona hilo sekunde ileile nililoliona mimi.

Supavaiza wangu akaniita ofisini baadaye. Nilitegemea kutukanwa. Akasema, "Mwanangu, hujafeli. Una wiki mbili. Desa liweke chini, na ukija hapa usiniletee karatasi. Njoo unionyeshe spini inafanya nini ikiwa safarini."

Jioni mama akapiga simu kuuliza semina imekwendaje. Nikamwambia imekwenda vizuri sana. Nikakata simu, nikalia kidogo, nikaoga, nikarudi kwenye kimbweta.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penyewe. Nitawaeleza kwa Kiswahili, kama nilivyotakiwa kueleza siku ile. Msiosoma fizikia msikimbie, hakuna fomula hata moja, naapa.

Elektroni ina chaji, hilo tunalijua tangu sekondari. Lakini ina kitu cha pili kinaitwa spini. Jina lenyewe linadanganya, linakufanya ufikirie pia inayozunguka. Haizunguki hivyo. Wewe ifikirie kama mshale mdogo uliobebwa na kila elektroni, mshale wenye tabia ya sumaku. Dalili yake moja ilionekana Frankfurt mwaka 1922. Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mkondo wa atomu za fedha katikati ya sumaku, mkondo ukagawanyika mara mbili. Haukutawanyika ovyo, ulipasuka mapande mawili tu. Wazo la spini yenyewe wakalitoa Uhlenbeck na Goudsmit mwaka 1925, wakiwa vijana tu kule Leiden.

Mshale huu ukiwa ndani ya uga wa sumaku unazunguka kuuzunguka mwelekeo wa uga. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuuchezea, unaleta sumaku. Tatizo ni kwamba huwezi kuweka sumaku tofauti kwa kila transista ndogo ndani ya chipu. Watu wakawa wanatafuta njia ya kuugeuza mshale bila sumaku.

Njia ipo, na ni ya ajabu kidogo. Elektroni ikikimbia ndani ya uga wa umeme, yenyewe inauona uga huo kana kwamba una sumaku ndani yake. Wewe uliyekaa pembeni huoni sumaku yoyote. Ni yule anayekimbia ndiye anayeiona. Hiyo ndiyo spini-obiti, na aina inayohusu projekti yangu inaitwa Rashba, kwa jina la Emmanuel Rashba. Mwaka 1990 Supriyo Datta na Biswajit Das wakapendekeza transista nzima inayotegemea jambo hili. Mwaka 1997 Junsaku Nitta na wenzake kule Japani wakaonyesha kwamba ukibadilisha volteji ya geti unaweza kuongeza au kupunguza nguvu yake.

Sasa shikeni jambo moja tu, ndilo lililokuwa linanishinda. Sumaku hii ya kuonekana na mkimbiaji inaelekea wapi? Kama uga wa umeme unatoka chini kwenda juu, yenyewe inalala ubavuni mwa elektroni, inakata njia. Elektroni ikienda kaskazini, mhimili wa mzunguko uko mashariki na magharibi. Ikigeuka kwenda mashariki, mhimili nao unageuka, unakuwa kaskazini na kusini. Mhimili unafuata njia. Na kadiri elektroni inavyoenda mbali, ndivyo mshale unavyozidi kuzunguka. Ikienda kasi, sumaku inaongezeka lakini muda unapungua, vinafidiana. Kwa hiyo kwenye Rashba ya kawaida mwendo kasi haujalishi. Kinachojalisha ni umbali na mwelekeo.

Nilikuwa nimeshasoma haya yote mara ishirini. Nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari. Na bado nilikuwa sijaelewa.

Usiku wa siku ya tano nimekaa hapa, nina chungwa moja la Muheza nimenunua getini shilingi mia tatu. Nikawa nalichezea kwa kiganja juu ya meza huku naangalia karatasi, linakwenda, linarudi. Linakwenda, linarudi. Aisee, nikasimamisha mkono.

Chungwa likibingirika kwenda mbele, linazunguka kwenye mhimili upi? Ule wa ubavuni, unaokata njia. Likigeuka njia, mhimili unageuka nao. Na kiasi linachozunguka kinategemea umbali tu, si kasi. Wadau, nilikuwa nimeshika elektroni ya Rashba mkononi na nilikuwa karibu kuimenya!

Nikachukua makapeni nikaweka kidoti juu ya chungwa. Nikapima mzingo wake kwa uzi: sentimita 24 na kidogo. Maana yake kila sentimita 6 ni robo mzunguko. Haya, fuateni na mimi. Kama una chungwa, fanya kabisa, usisome tu. Hakikisha halitelezi wala halijizungushi lenyewe kama pia, libingirike tu.

Jaribio la kwanza. Kidoti kiko juu. Bingirisha kwenda kulia sentimita 6. Kidoti sasa kinatazama kulia. Rudisha sentimita 6. Kidoti kimerudi juu. Fanya hivyo mara mia, nenda, rudi, nenda sana, rudi kidogo. Kila chungwa likifika pale lilipoanzia, kidoti kiko juu. Kwenye njia iliyonyooka kila kinachozungushwa kinazungushuka. Chungwa halina habari mmetembea kiasi gani, linajua mko wapi tu.

Jaribio la pili. Kidoti juu, chungwa palepale. Sasa lipitishe kwenye mraba. Kulia sentimita 6: kidoti kinatazama kulia. Mbele sentimita 6: kidoti kinabaki kulia, kwa sababu sasa kiko kwenye ncha ya mhimili. Kushoto sentimita 6: kidoti kinapanda juu. Rudi nyuma kuja kwako sentimita 6: kidoti kinakuja kukutazama wewe usoni.

Chungwa limerudi pale lilipoanzia, kabisa. Kidoti hakijarudi.

Nilirudia mara tano nikidhani nimekosea. Rumeti wangu, yeye anasoma sheria, akaja kuniita tukale, akanikuta nimeinama juu ya chungwa kama mganga. "Shosti, upo sawa?" Nikamwambia kaa hapa ufanye. Akafanya. Kidoti kikamtazama. Akasema, "Mbona limerudi lakini halijarudi?" Nikamkumbatia, maana hilo ndilo swali la projekti yangu yote, na yeye wa sheria kalipata kwa dakika moja.

Jibu ni kwamba mizunguko ya mihimili tofauti haibadilishani nafasi. Kujumlisha unaweza kuanza na tatu au na tano, jibu ni nane. Kuzungusha hapana. Ukigeuza kwanza kulia halafu mbele, hupati kile ambacho ungepata kwa kwenda mbele halafu kulia. Njia iliyonyooka ina mhimili mmoja, hakuna cha kugombana. Ukiikunja njia, mhimili unabadilika, na umbo lenyewe la njia linabaki limeandikwa kwenye mshale.

Hilo ndilo nililotakiwa kumjibu yule mzee. Waya ikikunjwa spini inabadilika kwa sababu waya ndiyo inayopanga mihimili, mmoja baada ya mwingine.

Sasa baada ya hapo makala zikaanza kusomeka zenyewe, nilishangaa. Nilikuwa nasoma sentensi ile niliyoikariri zamani na ghafla ina maana.

Chukua suala la upana. Nanowaya ya kawaida ina unene wa nanomita 100 hivi, na unywele wako una kama 80,000. Kwa nini watu wanahangaika na kitu chembamba namna hiyo? Fikiria chungwa juu ya meza pana, linagongwa huku na huku kama elektroni inavyogongana na uchafu ndani ya semikondakta. Linaenda kila upande, mihimili inabadilika ovyo, baada ya muda kidoti kiko popote. Spini imesahau ilikotoka. Usahaulifu huo D'yakonov na Perel waliueleza mwaka 1971. Sasa weka vitabu viwili sambamba, chungwa lipite katikati. Ligonge unavyotaka, linaweza kwenda mbele au nyuma tu, na kule mbele na nyuma tumeshaona kwamba kila kitu kinajifuta. Kumbukumbu inabaki.

Mwaka 2006 Holleitner na wenzake walipima hilo kwenye mifereji ya indiamu galiamu arsenaidi. Walipoipunguza upana, spini ikadumu zaidi. Na kilichowashangaza ni kwamba mifereji yenyewe haikuwa myembamba kihivyo. Ilikuwa na upana mara kumi hivi ya umbali ambao elektroni inakwenda kabla ya kugonga kitu. Kipimo cha maana hakikuwa umbali kati ya kugongana. Kilikuwa umbali ambao spini inahitaji ili izunguke. Kwa lugha ya kimbweta: mfereji uwe mwembamba ukilinganisha na mzingo wa chungwa, inatosha. Kumbuka hii ni dawa ya ugonjwa mmoja tu. Spini ina njia nyingine za kusahau ambazo wembamba hauzitibu.

Halafu kuna umbo la waya ukiikata na kuiangalia kwa mbele. Nanowaya nyingi huoteshwa kutoka kwenye tone dogo la dhahabu, mbinu ambayo Wagner na Ellis waliieleza mwaka 1964 kwa silikoni. Zikiota mara nyingi zinakuwa na pembe sita kama penseli. Umbo hilo lina ulinganifu, na Rashba haipendi ulinganifu. Inataka juu na chini pawe tofauti. Ndiyo maana geti likiwekwa upande mmoja linaleta uga wa umeme usio sawa, na spini inaamka. Kwa hiyo neno "umbo" kwenye kichwa cha projekti yangu lina maana mbili, umbo la mkato na umbo la njia. Mimi na desa langu tulikuwa tumezichanganya kurasa zote arobaini.

Na umbo la njia ndilo lililonipa usingizi wa raha. Mwaka 2016 Zu-Jian Ying, Paola Gentile, Carmine Ortix na Mario Cuoco walifanya mahesabu ya pete ya nanowaya iliyobonyezwa ikawa kama yai. Kwenye duara kamili mkunjo ni uleule kila mahali, mshale unatulia kwenye mwinamo mmoja ukilinganisha na njia. Duara likiwa kubwa mshale unalala karibu kabisa na mhimili wake. Likiwa dogo, unainuka kutoka kwenye ubapa. Lakini yai lina sehemu zilizonyooka kidogo na ncha mbili zilizokunjwa sana. Mshale hauwezi kutulia. Unapinda, unainuka, unalala, unachora mchoro wa pande tatu njia nzima. Ukibadilisha kiasi cha kubonyeza, mchoro unabadilika, na umeme unaopita kwenye pete nao unabadilika. Hakuna sumaku ya nje hapo. Ni umbo na umeme tu.

Haya ni mahesabu, ndugu zangu, si kwamba pete ya yai ipo kwenye simu yako. Lakini upande wa maabara nao haujalala. Nitta na wenzake walichonga pete nyingi ndogo, mwaka 2013 wakaonyesha kwamba wanaweza kuidhibiti ile sehemu ya mzunguko wa spini inayotokana na jiometria peke yake. Mwaka 2019 kundi lenye Nitta na Diego Frustaglia likalinganisha maumbo. Kwenye mraba, wakiongeza uga wa sumaku ulio sambamba na ubapa, mpangilio wa mawimbi ya elektroni uligeuka kichwa chini miguu juu. Kwenye duara, mgeuko huo haukuwepo. Malighafi zilezile, spini-obiti ileile, tofauti ni kona. Kwenye duara mhimili unageuka taratibu. Kwenye kona ya mraba unaruka nyuzi 90 mara moja, na mshale hauna muda wa kuufuata.

Ile makala ya 2018 nayo nikaitafuta, safari hii nikaisoma pamoja na tangazo la kuiondoa. Watafiti walikuwa wanatafuta alama moja maalumu kwenye nanowaya, wakaona wameipata. Vipimo kamili vilipoangaliwa upya, ushahidi haukusimama, wakaandika wazi kwamba ukali wa kisayansi haukutosha. Nilisoma tangazo lile polepole sana. Nilitegemea kujisikia vizuri kwamba hata wakubwa wanakosea. Sikujisikia hivyo. Wao walirudi wakasema wamekosea, kwa majina yao, mbele ya dunia. Mimi nilikuwa sijamwambia hata mama yangu.

Basi, wiki mbili zikaisha. Semina ya pili nikaenda na suti ileile ya rumeti, karatasi sita badala ya arobaini, na chungwa kwenye mkoba. Lile la kwanza lilikuwa limeanza kulainika, kwa hiyo nilinunua jingine, nikalipima upya kwa uzi.

Yule mzee alikuwa macho kabisa. Nikaomba ruhusa ya kuanza kwa Kiswahili dakika mbili, wakakubali. Nikaweka chungwa mezani, nikaweka kidoti. Mbele, nyuma, kidoti juu. Mraba, kidoti kikamtazama yeye, maana nilisimama kwa mpango ili kimtazame yeye (teh teh). Akanyoosha mkono akalichukua, akafanya mwenyewe. Mara mbili. Wenzangu nyuma wakaanza kunyanyuka kuangalia.

Halafu akauliza, "Sasa kwenye waya iliyonyooka, nikilibingirisha mzunguko mmoja kamili mbele, sentimita zako 24, chungwa linakuwaje?"

Nikasema linakuwa kama lilivyoanza.

"Na elektroni?"

Hili nilikuwa nalo, asante Mungu. Nikamwambia elektroni haiwi kama ilivyoanza. Spini ikizunguka mara moja kamili, wimbi lake linabeba alama ya kutoa. Inahitaji mizunguko miwili ili irudi kamili. Mshale unaonekana uleule, lakini ukiikutanisha na elektroni iliyopita njia nyingine bila kuzunguka, mawimbi yanafutana badala ya kuongezana. Mwaka 1975 jambo hilo lilipimwa kwa nyutroni na likaonekana kweli. Kwenye pete za nanowaya ndilo linaloamua umeme upite kwa wingi au kidogo.

"Kwa hiyo chungwa lako limeshindwa hapo," akasema.

Nikasema ndiyo, Profesa. Hapo chungwa limeshindwa. Linaonyesha mshale, alama ya kutoa halina pa kuiweka.

Akatikisa kichwa, akaandika kitu, akalirudisha chungwa mezani taratibu. Lilibaki na kidoti kimeangalia pembeni.

Matokeo bado hayajatoka, kwa hiyo msianze kunipongeza tena, mara ya kwanza mliniletea nuksi. Supavaiza aliniambia jambo moja tu mlangoni: "Leo ulikuwa unaongea." Nimelala nalo hilo mpaka leo. Kuna maswali mawili amenipa ya kurekebisha kabla ya kuprinti, moja linahusu lile yai na sijalimaliza.

Jioni nikampigia mama mwenyewe. Nikamwambia ile semina ya kwanza nilimdanganya. Nilimweleza yote, desa, ukimya, kulia, mpaka chungwa. Mama alinyamaza, nikajua sasa ndiyo nasemwa. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hilo chungwa mlilila?"

Nikamwambia tulilila, mimi na rumeti, tukamwachia ganda lenye kidoti adundulize kwenye dawati lake la sheria.

"Haya," akasema. "Siku nyingine ukianguka niambie siku hiyohiyo."

Ndiyo hivyo wadau. Projekti ipo kwenye flashi tatu tofauti sasa hivi, siaminiani na kompyuta za maabara. Wa mwaka wa pili mnaokuja kuniomba desa la nanowaya, nawaambia mapema: makala nitawaonyesha, chungwa mtajinunulia. Nakwenda foleni ya wali kabla haujaisha. Tutaonana.